Waya wa spidi na mita ya mshale kwenye magari ya zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu magari ambayo spidomita yake inazungushwa na waya, siyo umeme: Land Cruiser na Hilux za zamani, Land Rover, Suzuki ndogo za kuvuta tairi zote, na jamii hiyo ambayo bado imejaa barabara za Arusha na Moshi. Maswali yamepewa namba ili jambo lililoelezwa mahali pamoja lisirudiwe pengine.

## Mambo ya msingi

1. Nitajuaje kama mita yangu ni ya waya au ya umeme?

Ingia chini ya gari utazame nyuma ya gia boksi. Kama gari linavuta tairi zote, tazama nyuma ya transfa, yaani boksi la pili la gia linalogawa nguvu kwa tairi za mbele na za nyuma. Ukiona ganda jeusi lenye unene wa penseli, limefungwa kwa nati ya mviringo, linapanda hadi ukuta wa injini na kupenya kwenda kwenye dashibodi, hiyo ni ya waya. Ukiona plagi yenye nyaya nyembamba mbili tatu, hiyo ni sensa ya umeme, na matengenezo yake ni mengine.

2. Huo mtambo unafanyaje kazi?

Kwenye shafti inayotoka kwenye transfa au gia boksi kuna gia yenye meno ya skrubu. Inazungusha gia ndogo, mara nyingi ya plastiki, iliyochomekwa kutoka ubavuni. Gia hiyo ndogo ina tundu la pembe nne katikati, na humo ndimo mwisho wa waya unapokaa. Waya wenyewe ni nyuzi za chuma zilizosokotwa tabaka juu ya tabaka, unazunguka ndani ya ganda lisilozunguka.

Juu, ndani ya mita, waya unazungusha sumaku. Sumaku haigusani na mshale hata kidogo. Inazunguka ndani ya kikombe chembamba cha alumini, inaleta mikondo midogo ya umeme katika alumini hiyo, na mikondo ndiyo inayokivuta kikombe kifuate. Springi nyembamba kama unywele inakirudisha nyuma. Mshale unasimama pale nguvu hizo mbili zinapolingana. Mjerumani Otto Schulze alisajili ugunduzi huu mwaka 1902, na kanuni yake ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye Land Cruiser yako.

Namba za kilomita hazihusiani na sumaku. Zinasukumwa na gia za meno moja kwa moja kutoka kwenye mhimili unaozungusha sumaku. Shika tofauti hii, kwa sababu nusu ya kazi ya kutafuta ugonjwa inategemea hapo.

Kwa magari ya Kijapani waya huzunguka mara 637 kwa kila kilomita. Mita nyingi za Uingereza na Ujerumani zina namba yake imeandikwa kwa herufi ndogo usoni, chini ya mshale.

3. Nikiweka transfa kwenye gia nzito (ile ya nguvu nyingi na mwendo mdogo), mita inadanganya?

Kwa Land Rover na Land Cruiser, hapana. Gia ya spidi iko kwenye shafti ya kutokea, baada ya gia nzito, kwa hiyo inahesabu mzunguko wa propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye tairi) na siyo wa injini.

## Kutafuta ugonjwa

4. Mshale haunyanyuki na kilomita hazihesabu. Nianzie wapi?

Anzia juu. Chomoa waya nyuma ya mita (namna ya kuufikia iko swali la 10) na ubandike kipande cha tepu kwenye ncha yake kama kibendera. Weka gia huru, kisha watu wawili walisukume gari mita 10 mahali tambarare. Gari la Kijapani linatakiwa kuuzungusha waya mara sita na kidogo.

Kibendera kikizunguka sawasawa, waya na gia ni wazima. Tatizo ni kichwa cha mita, yaani mita yenyewe yenye sumaku na mshale. Kisipozunguka kabisa, ushike waya wa ndani kwa plaizi na uuvute taratibu. Ukitoka nusu, umekatika. Ukitoka mzima, tazama ncha zake mbili: pembe nne zikiwa zimekuwa mviringo, zinateleza kwenye tundu. Ncha zikiwa nzuri, ugonjwa uko chini, kwenye gia ya plastiki (swali la 12).

Usinyanyue tairi moja kwa jeki na kuwasha injini ili uone waya ukizunguka. Land Rover 110 inavuta tairi zote muda wote, na inaweza kuruka kwenye jeki. Kusukuma kunakupa jibu lilelile bila hatari hiyo.

5. Nimebadilisha waya, umekatika tena baada ya wiki mbili. Nimeuziwa feki?

Inawezekana, lakini kabla hujarudi dukani angalia kitu kingine. Waya haukatiki wenyewe. Kuna kitu kinaukata, na ukiweka mpya bila kukitafuta, utakatwa na huo pia. Hili ndilo kosa linalokula fedha za wenye magari kuliko mengine yote kwenye ukurasa huu.

Utazame pale ulipokatika. Nyuzi zikiwa zimefumuka na kujisokota kama kamba ya katani iliyozidiwa mzigo, kuna upande uliokuwa umegoma wakati mwingine unazunguka. Mara nyingi ni kichwa cha mita kilichokauka. Nyuzi zikiwa zimelika mahali pamoja, na upande mmoja unang'aa, waya ulikuwa unasugua kwenye kona kali ya ganda. Ganda likiwa limelainika au limebabuka hapo, lilikuwa karibu na bomba la moshi.

Kupima kichwa cha mita ni rahisi. Kata sentimita 10 za waya wa zamani wenye ncha nzima, chomeka kwenye mita, zungusha kwa vidole viwili. Unatakiwa uzunguke kama hakuna kitu ndani. Ukisikia mchanga, ukwaruzo au mlio mwembamba, kichwa hicho ndicho muuaji. Nenda swali la 14 kabla ya kununua waya mwingine.

6. Mshale unarukaruka kati ya 30 na 60, halafu nikikimbia unatulia. Kwa nini?

Waya unakwama na kuachia. Unajisokota kama springi hadi nguvu izidi msuguano, kisha unajiachia kwa mkupuo, na mshale unaruka. Ukienda kasi mkwamo hauonekani sana.

Sababu ya kwanza ni ukavu. Vumbi la Simanjiro au Longido likiingia kwenye grisi kuukuu linakuwa ugoro mweusi unaosaga. Ya pili ni kona kali: waya hautakiwi kupinda kwa nusu kipenyo kilicho chini ya sentimita 15, na sentimita tano za kwanza kila upande ziwe zimenyooka. Ya tatu ni waya wa ndani uliowahi kukunjika. Utoe, ushike ncha zote mbili mikononi uning'inie kama herufi U, kisha zungusha ncha moja polepole kwa vidole. Waya mzima unafuata mkono. Waya uliokunjika unasita, halafu unaruka. Huo haunyoosheki, badilisha.

7. Kuna mlio kama wa ndege nyuma ya dashibodi, hasa asubuhi.

Chomoa waya kwenye mita uendeshe mita mia mbili. Mlio ukiisha, ni kichwa (swali la 14). Ukibaki, ni waya (swali la 11). Usiuache: mlio ni ukavu, na ukavu ndio unaoleta swali la 5.

8. Mshale umepanda hadi mwisho na haushuki.

Sumaku imeshikana na kikombe. Ama oili imepanda na waya ikajaa humo (swali la 13), ama bushi imechakaa hadi sumaku inagusa alumini. Usiendelee kuendesha hivyo, maana ile springi ya unywele inanyooshwa na haitarudi kwenye kipimo chake. Chomoa waya siku hiyohiyo.

9. Mshale unafanya kazi ila kilomita hazitembei. Si bora nikaacha tu?

Usiache. Kilichokufa ni kigia kidogo cha nailoni ndani ya mita, kimepasuka au kinateleza kwenye mhimili wake, na kwa macho kinaonekana ni jambo dogo. Lakini bila kilomita hujui oili ya injini imefika lini.

Kwa Land Cruiser zenye injini ya 1HZ jambo ni zito zaidi. Taa ya T-BELT kwenye dashibodi huwaka kwa kuhesabu kilomita za mita hiyohiyo, ili mkanda wa taimingi ubadilishwe kila kilomita 100,000. Mita ikifa, taa haitawaka kamwe. Mkanda ukikatika, valvu zinagongana na pistoni, na gari la utalii linabaki porini na wageni ndani. Kama kilomita za gari lako zilisimama na hujui zilisimama lini, badilisha mkanda sasa, uandike tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye kava la mkanda.

Kinyume chake, kilomita zinatembea lakini mshale umelala: waya na gia ni wazima, kasoro iko kwenye kikombe, springi au mshale wenyewe.

## Kutengeneza

10. Nabadilishaje waya?

Vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye tairi, toa waya hasi wa betri kwa sababu utaingiza mikono nyuma ya dashibodi. Safisha tope kwenye nati ya chini kwa brashi kabla ya kuifungua. Mchanga ukidondoka humo unaingia kwenye transfa. Weka kopo, kuna oili kidogo itakayodondoka.

Juu, fungua skrubu za fremu ya mita na uivute mbele. Isipokuja, kwanza sukuma ganda kutoka upande wa injini ili lipate ulegevu. Nyuma ya mita kuna kishikizo cha plastiki cha kubonyeza, au nati ya mviringo kwa Land Rover. Kibonyeze huku unavuta ganda, siyo nyaya za taa.

Kabla hujauvuta waya wa zamani nje, funga kamba kwenye ncha yake. Kamba itapita njia ileile, na utaitumia kuvuta mpya. Laza waya wa zamani na mpya sakafuni sambamba: urefu wa ganda na kiasi cha waya wa ndani kinachochomoza kila upande vilingane. Mrefu kupita kiasi unabanwa kwenye mita na kuila, mfupi unateleza.

Ukiufunga, zungusha waya wa ndani kwa vidole hadi pembe nne ziingie kwenye tundu lake, ndipo ukaze nati kwa mkono. Usitumie nati kulazimisha uingie. Pitisha ganda mbali na bomba la moshi, walau upana wa kiganja, rudisha raba ya ukuta wa injini, na usiyakaze mabano hadi yakalibana ganda. Jaribu kwa kusukuma gari mita 10 kabla ya kurudisha dashibodi. Wengi hurudisha kwanza, halafu wanafungua tena.

11. Waya upakwe nini, na kiasi gani?

Grisi ya grafaiti, au grisi laini. Waya mzima unahitaji kiasi cha kijiko cha chai, basi. Utoe wa ndani, uoshe kwa mafuta ya taa nje ya banda mbali na moto, ukaushe kwa kitambaa hadi kitambaa kisitoke cheusi wala chekundu. Wekundu ni kutu, maana yake maji yanaingia. Pitisha waya katikati ya vidole vyenye grisi, uiache ngozi nyembamba tu.

Sentimita 20 za mwisho upande wa mita usizipake. Waya unapozunguka unafanya kazi kama skrubu na kuipandisha grisi, na hizo sentimita kavu ndizo zinazoilinda mita. Oili ya injini usiitumie kabisa: ni nyepesi, inafika juu, na inaleta swali la 8.

12. Gia ya plastiki inatolewaje, na nitajuaje imekwisha?

Ukishatoa waya, utaona bolti moja ndogo, aghalabu ya spana namba 10 au 12, yenye bati linalokishikilia kishikio cha gia. Itoe bolti, zungusha kishikio kushoto na kulia kidogo ili oringi (pete ya mpira) iachie, halafu uvute. Kikigoma, tumia bisibisi mbili kutoka pande mbili kwa pamoja. Ukikinyanyua upande mmoja utakipasua.

Meno mazima ni mapana kwa juu. Yaliyokwisha yamechongoka kama meno ya papa, na mara nyingine sehemu moja imenyolewa kabisa huku nyingine ni nzima. Hesabu meno ya ile ya zamani na uiandike namba kabla ya kwenda dukani, kwa sababu gia zinafanana kwa macho na zinatofautiana kwa jino moja mawili. Muulizaji asiyejua idadi ya meno anapewa inayopatikana.

Kisha mulika tochi ndani ya tundu. Gia ya chuma ikiwa na kingo zenye makali au kutu, itaila na hiyo mpya. Vipande vya plastiki vikiwa vimebaki humo, mwaga oili na uweke mpya, hadi ifike kwenye ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Na ujiulize kwa nini meno yalinyolewa: plastiki iliwekwa pale iwe ya kwanza kufa pindi waya unapogoma. Jibu liko kwenye swali la 5.

13. Oili ya transfa inapanda hadi kwenye mita. Inapitaje?

Ndani ya kishikio cha gia kuna sili ndogo (raba ya kuzuia oili), na nje yake oringi. Oringi ikichoka, oili inachuruzika nje na utaiona chini ya gari. Sili ikichoka, oili inaingia ndani ya ganda na waya unaipandisha kwa msokoto wake. Badilisha zote mbili kwa pamoja, mdomo wa sili ukitazama upande wa oili. Oringi ipake oili kwanza ili isikatike wakati wa kuingiza. Ganda lililolowa oili lazima lioshwe, vinginevyo iliyobaki itaendelea kupanda.

Kwa Land Rover usichelewe. Ngoma ya breki ya mkono iko hapohapo nyuma ya transfa, na oili inayovuja sehemu hiyo inaweza kufika kwenye viatu vyake. Gari lililoegeshwa kwenye mteremko wa Kibosho au Marangu linahitaji breki hiyo ishike.

14. Kichwa cha mita nikifungue mwenyewe?

Kulainisha, ndiyo. Kwenye shina ambamo waya unaingia, mita nyingi zina kitundu kidogo chenye pamba. Weka tone moja la mafuta ya cherehani, subiri saa moja, zungusha kwa vidole kama kwenye swali la 5. Tone moja, siyo mnyunyizo wa kopo.

Kupima, tumia drili inayorekebishika mwendo na kile kipande cha waya. Kwanza zungusha kwa vidole uone upande unaonyanyua mshale, kisha endesha drili upande huo, polepole. Kwa mizunguko 637 kwa dakika, mita ya Kijapani isome 60.

Kung'oa mshale, kugusa springi au kunyoosha kikombe mpe fundi wa saa au wa mita. Springi ikipinda hata kidogo, usomaji wote umeharibika.

15. Waya used una ubaya?

Gia used ya meno mazima, sawa. Kichwa used, sawa, ukikipima. Waya used hapana: ulikunjwa ulipong'olewa, ukakunjwa tena ulipofungwa kwenye rundo.

## Mita inasoma, ila inasoma uongo

16. Nimeweka matairi makubwa. Mita inakosea kiasi gani?

Chukua Hilux iliyokuja na matairi ya 205R16, kipenyo cha milimita 743 hivi, ikawekwa 235/85R16 yenye 806. Tofauti ni asilimia 8.5. Mshale ukiwa 80, unakwenda karibu 87, na tochi ya askari ya kupimia mwendo itasoma 87.

Dawa ni gia ya plastiki yenye meno machache zaidi, ili waya uzunguke haraka. Gawa meno ya sasa kwa 1.085: meno 33 yanakuwa 30. Hakikisha gia mpya inashikana vizuri na ile ya chuma, kwa kuwa baadhi ya magari yana kishikio tofauti kwa kila idadi ya meno.

17. Fundi aliweka difu nyingine na sasa mita inakimbia.

Propela inazunguka zaidi kwa kilomita ileile. Ukitoka difu ya uwiano wa 3.70 (propela inazunguka mara 3.70 kwa mzunguko mmoja wa tairi) kwenda 4.11, mita inazidisha asilimia 11: inaonyesha 100 ukiwa 90. Hesabu ni ile ya swali la 16, ila kinyume: meno yaongezwe.

18. Napimaje bila vifaa?

Barabara ya Arusha–Moshi ina vibao vya kilomita. Kwenye kipande kilichonyooka, shika mshale kwenye 60 bila kubadilisha, na abiria (siyo dereva) ahesabu sekunde kutoka kibao hadi kibao. Sekunde 60 ni sahihi. Sekunde 66 maana yake unakwenda karibu 55. Simu yenye GPS inafaa pia. Mita kuzidisha kidogo si ugonjwa: Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inaruhusu mita isome hadi 92 kwenye 80 halisi, lakini hairuhusu isome pungufu.

## Hali zisizo za kawaida

19. Nikilala Ngorongoro, asubuhi mshale unaruka. Nikishuka Mto wa Mbu unapona.

Ukingo wa kreta uko mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai inaigandisha grisi nzito. Osha waya, paka laini (swali la 11). Usisubiri: asubuhi kama hiyo ndiyo waya hukatika.

20. Na pikipiki?

Nyingi huchukua mwendo kutoka gurudumu la mbele. Ukirudisha gurudumu baada ya kuziba pancha, masikio ya kile kipete cha kuzungushia waya yaingie kwenye nafasi zake kabla ya kukaza ekseli. Ukikaza hayajaingia, yanavunjika hapohapo.

21. Spea inachelewa. Naendeshaje kwa sasa?

Tumia GPS ya simu iliyofungwa kwenye kishikio, siyo mkononi. Kikomo cha kilomita 50 kwa saa, mjini au Serengeti, hakikadiriki kwa sikio. Andika kilomita za kila safari kwenye daftari. Waya uliokatika uutoe wa ndani wote, maana kipande kilichobaki juu kinaweza kuchomoka na kunasa kwenye pedali. Chini acha gia na kishikio mahali pake na ufunge mdomo wa nati kwa kipande cha mpira na waya wa kufungia, vumbi lisiingie. Usiitoe gia ukaacha tundu wazi: oili ya transfa itamwagika njiani.